Paka wa Bronka, Upande wa Nyuma

Greenpoint, Brooklyn,
9 Aprili 1921

Mpendwa mjukuu wangu Zenon,

Hujambo, mume wangu? Kifua chako kikoje na vumbi la huko mgodini? Unakula, au unakunywa tu? Mimi mzima, ila magoti. Anayeandika ni Halina wa ghorofa ya chini. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembeshee.

Umesema utapanda treni kutoka Montana uje kuiona ile filamu ya katuni ambayo dada yako Bronka aliipaka rangi kabla nimonia haijamchukua. Usije. Haipo tena.

Wenye studio waliitazama mara moja tu. Wakasema filamu ya rangi ni ghali na inachubuka upesi, bora waitupe, warudi kwenye nyeusi na nyeupe. Na Bronka wetu, aliyepaka kijivu tangu aajiriwe, siku alipopewa nyekundu na kijani alirudi nyumbani anaimba ngazi nzima!

Sasa vile vipande vya seluloidi, angavu kama kioo, ambavyo juu ya kila kimoja alimpaka rangi yule paka mwekundu wa filamu, vinaoshwa, vichorwe mambo mengine. Mwoshaji ni mimi, unajua. Msimamizi, Bwana Haskell, akanikuta nimesimama tu mbele ya beseni.

"Mama, una nini leo? Ni paka tu huyo."

"Paka ni wewe. Huyu ni wa Bronka, na mmoja naondoka naye."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze, uoshe mwenyewe na vidole vyako hivyo vya siagi."

Akanipa mgongo, akajifanya anatafuta kofia yake.

Wengine nikawaosha. Maji yakawa mekundu, nikayamwaga. Sikulia. Tangu mazishi sijalia, nakaa tu kama kiti. Hata supu ya kabichi naimeza kama maji.

Nakutumia huyo mmoja. Usimweke karibu na jiko, anashika moto upesi kama mafuta ya taa. Kwa mbele utamwona laini, kama kazaliwa hivyo. Lakini rangi hupakwa kwa nyuma. Mgeuze: utaona brashi ilikopita, na pale mkiani Bronka ameacha alama ya kidole gumba. Wenye tiketi wangeona mbele. Wewe ni kaka yake, tazama nyuma.

Msalimie mkeo Walentyna, na mtoto umbusu kisogoni. Shangazi yako Kunegunda anakusalimu. Mama wa Mungu akufunike kwa shuka lake kila ushukapo mgodini, akupandishe mzima.

Wako akupendaye hata akiwa kiti,
Bibi Jadwiga