Taa Haina Kosa, Ni Macho Yangu

Shoga, nimeaibika mpaka nimeiaibisha na taa!

Si unajua kile kichwa cha plastiki wanachojaribia taa za daktari wa meno hapa karakana? Kimevunjika. Bosi akaniambia niache ufagio, nikalale kwenye kiti niachame. Mimi! Nisiyeweza hata kula mbele za watu!

Daktari aliyekuja kununua na fundi wa taa wakaniinamia. Fundi anajisifu, "Mwanga unajaa kinywani, unakomea chini ya pua. Machoni haufiki."

Mimi macho nimeyafumba kwa aibu.

Daktari akasema, "Haufiki? Mbona kafumba? Sinunui."

SINUNUI, shoga! Kwa macho yangu!

Fundi akaninong'oneza, "Dada, fumbua, asiponunua huyu tunafunga karakana." Hayafumbuki!

Basi daktari akalala mwenyewe, ajaribu. Bosi akanituma nimtazame macho. Nikamwinamia. Akayafumba kwa nguvu!

Nikamuuliza kwa sauti ya mbu, "Daktari, mwanga umekupiga?"

"Hapana. Ni wewe unavyonikodolea."

Kanunua taa zote. Sasa wananitafuta wanipongeze. Niko stoo nyuma ya maboksi. Mpigie bosi umwambie nimeshaondoka.