Mama na Pedali ya Breki

Kaka yangu,

Huku sote wazima, habari ni gari tu. Mita ya gari kuukuu nililokwenda kununua ilionyesha kilomita elfu arobaini, nikashangilia. Mama, aliyenisindikiza na hajawahi kushika usukani, akainama akapapasa pedali ya breki. "Imelika kuliko ya cherehani yangu," akasema, "na ile nimeikanyaga miaka thelathini. Hili limetembea, mwanangu."

Muuzaji akanywea, akakiri mita imerudishwa nyuma. Fundi gani angeyajua hayo kwa vidole tu?

Njiani kurudi nilimsifu mpaka akacheka. Kisha akauliza taratibu, "Kwani lilikuwa la rangi gani?"

Lilikuwa jekundu, kaka, na jua la saa saba liliwaka juu yake. Njoo.

Dada yako