Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatatu, 15 Julai 1974
Kilolo. Baridi kali, vidole havishiki kalamu. Kilatini hadi saa nne, halafu tasnifu: Warumi na wafu wao. Divai na maziwa juu ya kaburi, majina yakitajwa. Katika kurasa nne nimelinganisha na tambiko la kwetu, kwa kukumbuka tu nilivyomwona bibi nilipokuwa mdogo. Hizo naficha chini ya sanduku. Anayenilipia chuo Ujerumani ni kanisa, na Baba ni mwinjilisti. Zikionekana, sirudi chuoni.

Jumatano, 17 Julai
Karatasi zimeguswa. Niliziacha zimeelekea ukutani, nimezikuta zimeelekea mlangoni. Mama anasema panya. Panya gani anapanga karatasi?

Mzee Nyenza, jirani yetu na mzee wa kanisa, alikuja jana kuazima shoka wakati sipo. Alikaa sana. Shoka analo, nimeliona.

Alhamisi, 18 Julai
Nimetega. Uzi mweusi juu ya karatasi, kisha nikaenda kisimani, nikachelewa makusudi. Nimerudi, uzi uko chini. Ukurasa wa kumi na nne haupo.

Nyenza alikuwa uani, anaota jua na Baba. Kanisalimia, kamwene. Sikuitika. Baba kanikemea. Anikemee tu.

Jumamosi, 20 Julai
Sina raha. Kesho baada ya ibada atampa mchungaji, najua. Namchukia yule mzee.

Leo nimeshindwa kuvumilia. Nimemfuata kwenye viazi vyake, nikamwambia mbele ya mkewe arudishe karatasi yangu. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa.

"Karatasi gani, mwanangu? Imeandikwa nini?"

Nikageuka, nikaondoka. Mnafiki mkubwa.

Jumapili, 21 Julai
Baba amehubiri juu ya wanaorudia mizimu. Ndiyo kawaida yake. Nyenza hakumfuata mchungaji, alitoka akaenda zake.

Mchana Baba kanituma miwani yake chumbani. Ilikuwa juu ya Biblia, na ndani ya Biblia ncha ya karatasi yenye mwandiko wangu. Ukurasa wa kumi na nne, umejaa penseli. Mkono wa Baba.

"Si maji kwanza. Unga kwanza, ndipo maji. Hatusimami, tunachuchumaa. Mama yake babu umemruka." Na chini kabisa: "Kama unaandika, andika sawa."

Nimesoma nimesimama. Nikairudisha, nikampelekea miwani. Hakuniuliza nimechelewa nini. Sijui alisahau au alitaka niione. Miaka yote nilidhani anayachukia mambo haya. Nimeona aibu hata kula.

Jumanne, 23 Julai
Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Nyenza. Mkono kapokea. Nimemwambia ilikuwa barua ya msichana, imeshapatikana. Kasema barua ya msichana haimtoi mtu jasho namna ile.

Nimejitakia. Yule mzee alikuwa hajui lolote. Sasa ana swali, na jibu lake litamvua Baba uinjilisti kabla halijanitoa mimi chuoni. Nimeona akizungumza na mke wa mchungaji dukani. Labda habari za viazi tu.

Alhamisi, 25 Julai
Kesho nashuka Iringa mjini kupanda basi. Asubuhi Baba kasema twende mahame, tulikokuwa tunakaa kabla ya kuhamishiwa kijijini, tukaangalie kama mianzi yetu imekatwa.

Mianzi hakuitazama. Alivua kofia, akachuchumaa makaburini. Hakumwaga kitu. Alitaja majina polepole, niandike. Kumi na moja. Nilipokosea alingoja nifute, kisha akaendelea. Sikumwambia nimeona ukurasa, wala yeye hakuniuliza.

Kwenye tasnifu nitaandika: mzee mmoja wa Iringa. Basi.

Kurudi tumepita njia ya mtoni. Ni ndefu na ina tope, lakini haipiti kwa Nyenza. Baba ndiye aliyeichagua.