Vema za Siku Ambazo Hazijafika

Ndugu yangu, natangaza rasmi kwamba mgonjwa wa mgongo anaendelea vizuri, ana moyo wa chuma na tabasamu la bwana harusi.

Uongo mtupu. Nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha daktari wa mazoezi, na nimeumbuka.

Unaijua ile karatasi, kila siku ukimaliza mazoezi unaweka alama ya vema? Leo ni Jumatano. Mimi nimeweka vema mpaka Jumapili. JUMAPILI!

Daktari kaisoma polepole, kisha: "Kijana, na Jumapili hii ijayo mazoezi yalikwendaje?"

Nikajibu, "Vizuri sana, daktari." Nilijibu hivyo kweli!

Akaninyanyua mguu. Haukufika hata nusu, moto ukashuka toka kiunoni mpaka kisiginoni, nikapiga yowe.

"Uko palepale ulipokuwa wiki mbili zilizopita," akasema. "Ukiendelea hivi, shule muhula huu usahau."

Halafu mama, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema taratibu: "Shangazi zako wote nimewaambia unapona. Kumbe nilikuwa natangaza wino?"

Natangaza wino! Bora angenizaba kofi.

Sasa yeye na daktari wametoka nje kuzungumza, na mimi nimeshakiri kila kitu. Tangu siku ya pili sijafanya zoezi hata moja. Si uvivu. Siku ya kwanza niliumia mpaka nikalia, nikaogopa kwamba nikijaribu tena nitagundua sitapona.

Hata wewe, zile "niko fiti" nilizokuwa nakutumia kila jioni zilikuwa uongo. Nisamehe. Naogopa mno.