Jina Katikati ya Ukurasa

Kwa Mama mpendwa,

Kabla ya salamu, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: lile jina kwenye mchezo wangu sikulitunga. Nililiiba kwenye Biblia ya Naserian.

Sasa salamu. Joto la Magadi likoje? Baba bado yuko shifti ya asubuhi? Kifua cha Kasyoka kimepoa? Mimi ni mzima.

Bwana mmoja anayeandika michezo ya televisheni alikuja kutufundisha hapa shuleni Kitengela. Alisema kamera haioni moyo, inaona mikono. Kwa hivyo nisiandike "ana huzuni", niandike anachofanya. Jina la anayesema liwekwe katikati ya ukurasa, maneno yake chini. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Akacheka. "Nilikataliwa miaka mingi, binti. Maliza shule, weka nakala ya kila kitu, na ukikataliwa andika nyingine."

Basi nikaandika juu ya kijana mchungaji anayekufa kiangazi akitafuta maji. Naserian, anayelala kitanda kilicho chini ya changu, aliwahi kuniambia kaka yake alikufa hivyo, upande wa Namanga. Hakumtaja jina. Mimi nikaliona jina la kaka huyo ndani ya Biblia yake, nikalipenda, nikampa mchungaji wangu.

Yule bwana ameuchagua mchezo wangu! Ijumaa anakuja na kamera. Alituagiza kwanza tuusome kwa sauti, kwa sababu ulimi ukikwama, mstari ni mbovu. Jumanne tukausoma kwenye ukumbi wa chakula. Naserian alisoma sehemu ya mama wa mchungaji. Mstari wake wa kwanza ni kumwita mwanawe. Aliitazama karatasi, akaiweka mezani, akatoka.

"Wewe Mutheu," Sainapu wa darasa letu akaniambia, "kwetu, mimi na Naserian, aliyekufa haitwi jina. Unamwita ili iweje?"

"Majina yamefanana tu," mwalimu wetu akasema. "Na mgeni amelipenda, lisibadilishwe."

Nikatikisa kichwa kukubali, Mama. Jioni Naserian akaja kunipa pole, mimi! "Hukujua," akasema. "Nitajaribu kulisema Ijumaa, kwa sababu ni kazi yako."

Nikimwambia ukweli, nitampoteza. Nikinyamaza, atamwita marehemu mbele ya kamera kwa ajili yangu. Niombee. Msalimie Baba, Kasyoka, na shangazi anayetuuzia maziwa.

Binti yako,
Mutheu

Mama, nimefungua bahasha tena.

Nilimkuta Naserian bombani akifua soksi. Nikamwambia nililisoma jina ndani ya Biblia yake. Hakugeuka. Alisugua soksi ileile.

"Kwa hivyo ulijua ni yeye."

"Nilijua."

"Na huyo mama uliyemwandika, anayepiga mayowe. Mama yangu hakupiga mayowe. Alifunga mlango wa zizi, akaufungua, akaufunga tena. Mpaka giza."

Akabeba beseni lake akaenda.

Nilirudi darasani nikafuta jina kwenye kila ukurasa, nikaandika KIJANA. Hata kwenye barua hii umeona sikuliandika. Mayowe nikayakata. Nikampelekea mwalimu daftari, nikamwambia nililijua jina tangu mwanzo, na Naserian asilazimishwe kusoma. Mahali pa mayowe nimepaacha wazi. Lile la mlango wa zizi sikuliandika.