Harage Lililobaki Mkononi

Mtaa wa Pili, Nyumba Na. 14,
Tarrow, Nebraska.
29 Mei, 2011.

Mpendwa mpwa wangu Rosalind,

Kabla sijakujulia hali, nikuambie kwamba nimekuficha jambo tangu mwaka 1979: ninamjua aliyemnyima mama yako nafasi kwenye ukuta wa maktaba. Nimelitanguliza kwa makusudi. Nikianza na salamu nitazirefusha hadi nichoke, nilale, na barua ibaki ya salamu tu kama zile nyingine zote.

Sasa nakusalimu. Hujambo, mwanangu? Huko Oregon mvua imepungua? Na lile goti lako? Mimi napumua, ila kwa mafungu. Daktari anasema moyo umechoka. Nikamwambia umefanya kazi miaka themanini na tisa bila likizo. Muuguzi wangu, Bi Kratochvil, huja kila asubuhi kunipima na kunigombeza. Chumvi ameiweka juu ya kabati, maana anajua siwezi tena kupanda kiti.

Kamati ya maktaba imenionyesha barua yako. Unasema kodiani ya mama yako haitaingia katika jengo ambalo funguo zake anazo mtoto wa Hollis Orcutt. Umeiandika vizuri, nimemwona mama yako Signe katika kila mstari. Lakini safari hii ni huyo huyo Dellarae Orcutt aliyelipendekeza jina la mama yako, na wajumbe wote saba wamelikubali. Imebaki saini ya familia tu, nayo ni yako. Isipofika kabla ya tarehe thelathini Juni, jina halipandi, na mimi sidhani nitauona mwaka mwingine.

Ukuta wenyewe unaujua. Mji wa watu elfu sita, majina tisa ya waliouletea sifa: seneta mmoja, mmishonari, mcheza besiboli aliyevunjika mguu mapema, na wengineo, pamoja na yule bwana aliyebuni komeo la zizi ambalo nguruwe hawezi kulifungua kwa pua. Wanafunzi wangu wa historia walimheshimu huyo kuliko seneta. Mama yako alipiga kodiani kwenye redio ya New York kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja, nchi nzima ikimsikiliza. Kati ya hao tisa hakuna aliyemzidi.

Mwaka ule wa 1979 nilikuwa mmoja wa wale saba. Kura zetu ni za maharage. Kila mjumbe hupewa mawili, jeupe na jeusi, huenda peke yake nyuma ya rafu ya magazeti na kutumbukiza moja kwenye kopo la kahawa. Jeupe ni ndiyo. Jeusi ni hapana, na jeusi moja linatosha kumzuia mtu. Lile linalobaki mjumbe huondoka nalo mfukoni, akalitupe kwake. Mwenyekiti aliuliza kama inafaa ndugu wa mtu apige kura. Wakamcheka. Kopo lilipomiminwa mezani yalitoka meupe sita na jeusi moja.

Mji ukamtaja mjumbe mwenzangu Hollis Orcutt, kwa kuwa alikuwa amenung'unika kikaoni kwamba Signe haji nyumbani hata Krismasi. Tena yeye ndiye aliyekuwa akituzika sote, na mtu wa kazi hiyo hakosi wa kumsema. Lakini alasiri ile, kwenye ngazi za maktaba, Hollis alinifungulia kiganja chake. Mlikuwa na harage jeusi.

"Langu hili hapa, Mwalimu," akasema. "Lako liko wapi?"

Nikamwambia nimelitupa.

"Humo ndani? Wewe uliyemwadhibu Dellarae wangu kwa ganda moja la karanga alilotupa sakafuni?"

Aliutazama mkono wangu uliokuwa mfukoni, akaivaa kofia yake taratibu.

"Basi waache waseme ni mimi. Mimi hata nikiwasalimu wanadhani nawapima urefu. Mama yenu ana miaka themanini, na watoto alio nao ni wawili tu."

Hakulitaja tena mpaka anakufa, Februari ya mwaka jana.

Unaikumbuka siku tuliyomzika bibi yako, mwaka 1984. Hollis ndiye aliyemwosha na kumvika, akamtengeneza nywele vile alivyopenda mwenyewe. Pale langoni alimnyoshea mama yako mkono, na mama yako akapita kama aliyepita nguzo. Nawe ukamwambia, "Bwana Orcutt, nakuombea uzikwe na mtu mwenye roho kama yako." Akainamisha kichwa, akasema, "Asante, binti." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, mwavuli mkononi. Sikufumbua mdomo. Signe hakurudi tena Tarrow, na amekufa akiamini kwamba mji wake ulimkataa.

Kuna jambo la zamani zaidi ambalo hukuwapo lilipotokea. Mwaka 1951 mtangazaji alimwuliza mama yako hewani ametoka wapi. Akacheka, akasema, "Mahali ambapo hata treni husahau kusimama." Hapa nyumbani bibi yako alikuwa amewaalika majirani kumi na wawili na kuoka pai tatu za matofaa. Majirani wote wakamgeukia. Kisha bibi yako akachukua kisu. "Si uongo," akasema. "Hata ya leo imepita hivi hivi. Haya, nani wa kwanza?" Wote wakacheka, wakala.

Mimi sikucheka. Baba alipopooza mmoja wetu ilibidi abaki, na nilibaki mimi, barua ya chuo cha Chicago ikiwa ndani ya sanduku. Miaka mingi nilijiambia kwamba siku ile aliyeumizwa ni Mama. Mama alikula vipande viwili.

Dellarae hajui lolote kuhusu jambo hili la baba yake. Kesho nitamwandikia yeye, nikiamka. Wewe sikuombi unisamehe. Nakuomba uweke saini kwanza, hasira zije baadaye. Zitanikuta hapa au kaburini kwa wazee wetu, si mbali.

Nisalimie Tobias, mwambie yale masega ya asali aliyonipa yalikwisha kabla ya Pasaka. Nibusie Ingrid na yule mdogo anayejifunza kodiani. Asiache hata vidole vikimuuma. Mungu awalinde nyote, na awape nyumba ambayo hakuna anayekaa ndani yake kwa kinyongo.

Sasa pekua pembe ya bahasha. Utakuta kitu nilichokifunga kwenye karatasi ya dawa. Kimekaa miaka thelathini na miwili katika kopo la vifungo, na kimeanza kuwa na rangi ya jino la mzee. Ukikipeleka dirishani utaona bado kwamba ni harage jeupe.

Mjomba wako akupendaye, kaka yake Signe,

Verner Ostlund