Unga wa Njegere na Machela ya Chifu

Jumatatu, 26 Agosti

Mzee Awuku, mkuu wa wabebaji wa machela ya Chifu, ametuma salamu. Kabla ya sikukuu ya Odwira, kila mbebaji aliyezidi miaka sitini atajaribiwa. Kila mbebaji! Utadhani tuko wengi. Aliyezidi sitini ni mmoja tu, jina lake Ofei, na ndiye huyu mjinga anayeandika hapa.

Nimevua shati mbele ya kioo. Heri nisingevua. Kifua kimehamia tumboni, na mikono imebaki kama miiko. Asabea akaingia, akanitazama weee, akauliza kama kuna mtu namtafuta humo kwenye kioo. Mke gani huyu!

Mimi sitoki pale mbele ya machela. Upande wa kulia, ndipo alipobeba kichwani mjomba wangu mpaka akaniachia. Ubaya ni kwamba mwaka jana nilihema kama mbwa aliyefukuzwa, na Awuku aliona. Chifu akiwa juu hakai kimya, anacheza, anarusha mikono. Machela yakiinama hata kidogo ni mkosi kwa mji mzima, na lazima achinjwe kondoo kuusafisha. Na mimi ndiye niliyemfuga kondoo wa Krismasi nikashindwa kumla, na tangu hapo sijaonja nyama, samaki, yai wala maziwa. Leo kondoo achinjwe kwa sababu ya shingo yangu? Thubutu!

Nitajenga misuli. Keshokutwa naanza.

Jumatano, 28 Agosti

Jimu ya Yirenkyi, mwana wa dada yangu. Ndiye mwenzangu wa mbele sasa, upande wa kushoto, tangu mzee mwenzangu Asirifi afariki. Kijana wa miraba minne. Anauza pia hayo makopo ya unga wa misuli. Rafu nzima! Kila kopo lina mnyama mkali au mwanamume aliyesahau shati.

Nikashika lenye simba. "La maziwa hilo, mjomba." Nikarudisha. Lenye sokwe — maziwa na mayai. Nikaona moja la wazee, la viungo na magoti, limeandikwa kolajeni. Nikafurahi. Kumbe ni ngozi ya ng'ombe iliyosagwa! Ngozi ileile wanayotia kwenye supu, ila hii imetiwa ladha ya stroberi. Vitamini D je? Imetoka kwenye manyoya ya kondoo. Kondoo huyu ananiandama! Hata vidonge ambavyo ndani havina kosa, ganda lake limechemshwa kutoka kwenye mifupa.

Yirenkyi alikuwa anasoma maandishi madogo, anatafuta maana kwenye simu, jasho linamtoka kuliko linavyomtoka kwenye vyuma. "Mjomba, wewe si mteja. Wewe ni mtihani."

Mwishowe nimetoka na vitu vitatu. Unga wa njegere, usio na ladha. Kreatini ya kuongeza nguvu — kachunguza, inatengenezwa kiwandani, hakuna mnyama aliyesumbuliwa. Na vitamini B12 ya kudondosha chini ya ulimi. Akaniuliza mara ya mwisho nimepima damu lini. Nikamwambia damu ipo.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimeonja. Chokaa! Chokaa iliyolala karibu na maharage.

Jumapili, 1 Septemba

Katazo la kelele la kila mwaka limeshakolea. Mpaka Odwira hakuna ngoma, hakuna redio ya nje, hata maiti inazikwa kwa kunong'ona. Mji umetulia kama chumba cha mgonjwa. Na jimu nayo haina muziki. Sikujua kama muziki wa jimu ulikuwa unanisitiri kiasi hicho. Sasa kila goti langu likilia linasikika barabarani.

Na lingekuwa goti tu, ningeshukuru. Njegere ni njegere, ya kopo au ya sufuria. Nimeinama kunyanyua chuma — lo! Katika ukimya ule! Watu wazima wote waliokuwamo waliangalia dari. Yirenkyi akasema kwa upole kwamba sheria imekataza ngoma, tarumbeta haikutajwa.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepunguza kipimo cha unga. Nusu asubuhi, nusu jioni, nachanganya kwenye uji wa mahindi na karanga. Tumbo limekubali kukaa mezani kuzungumza.

Sokoni muuza dawa kanishika mkono. Spika yake imezimwa kwa ajili ya katazo, basi kazi yake yote anaifanya kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kunatisha. Eti ana chupa ya mizizi inayosimamisha mgongo, kiuno na "kila kitu kingine". Asabea alikuwa nyuma yangu na mihogo yake. Akamjibu kwamba kila kitu kingine hakijalalamika, ahsante.

Njiani akanibembeleza nile samaki. "Mmoja tu. Mkavu. Mdogo hata mama yake hamkumbuki." Nikakataa. Akasema basi nitabebwa mimi kwenye hayo machela.

Jumamosi, 14 Septemba

Makubwa! Shati la kanisani limenibana mabegani. Mabegani, si tumboni! Nimesimama mbele ya kioo, nimekunja mkono, kimetokea kitu. Kidogo, kama limau chini ya shuka, lakini kipo. Nimekunja tena. Nimegeuka ubavu. Nimejiita jina langu kwa sauti nzito. Asabea alikuwa mlangoni muda wote huo.

Hakunicheka lakini. Akakaa kitandani. Akaniuliza, "Kwani ukitoka pale mbele, utakufa?"

Nikataka kumjibu mzaha, nikauacha. Nikamwambia ukweli. Nilikuwa natengeneza redio za mji huu wote, leo redio ikiharibika inatupwa, inanunuliwa nyingine. Watoto wako mbali, wanapiga simu kuuliza kama tumekula. Hakuna anayenihitaji kwa lolote mwaka mzima, isipokuwa siku ile moja. Siku ile nikikohoa tu, mji wote unashika roho mkononi. Naipenda siku ile, napenda uzito ule kichwani, na nikinyang'anywa nitaumia sana.

Asabea akaenda kunipikia maharage ya mawese na ndizi za kukaanga, sahani ya mtu anayelima. Nimemaliza yote.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimenyanyua gunia la mahindi peke yangu, kutoka chini mpaka begani! Yirenkyi alipiga makofi bila kugusanisha viganja, kwa heshima ya katazo. Anasema sasa ninawazidi wabebaji wawili wa nyuma, na mmoja wao ni baba wa mtoto mchanga.

Nimetembea kwenda sokoni na kurudi bila haja yoyote ya sokoni. Na shati lilelile la kanisani, siku ya kazi. Nina aibu hata kuandika.

Alhamisi, 19 Septemba

Jaribio. Nieleze polepole.

Alfajiri, uani kwa Awuku. Chifu mwenyewe hapandi machela kabla ya siku yake, kwa hiyo yanapakiwa magunia yenye uzito wake. Juu ya magunia Awuku anaweka beseni la maji, limejaa mpaka mdomoni. Anatembea nyuma yetu, anatazama maji yanamwagikia pembe ya nani.

Ngata ya kitambaa kichwani, miguu mitupu, tukainua. Nilikuwa mwepesi! Shingo imesimama, pumzi ipo, mguu unajua njia. Nikasema moyoni, njegere oyee. Hatukufika hata langoni, maji yakanishukia kisogoni.

"Umechoka, Ofei?" Sijachoka. Tukarudia. Maji kisogoni. Mara ya tatu, shati zima. Watu wakaanza kutazamana. Nikahisi machozi yanakuja, nikashukuru kwamba uso umelowa tayari.

Awuku akatushusha. Akatusimamisha mimi na Yirenkyi ukutani, bega kwa bega, akaweka kiganja juu ya utosi wa kila mmoja. Akaangalia. Akaangalia tena. Halafu akasema, kwa sauti ya kumpa mtu habari ya msiba, "Nguvu unazo kuliko mwaka jana. Lakini umepungua urefu, ndugu yangu."

Yirenkyi amenizidi vidole vitatu! Mimi na Asirifi tulilingana hata kofia, tulizeeka pamoja na kufupika pamoja, nani angetuona? Sasa niko na kijana, na machela yanainamia kwangu. Wabebaji wa mbele hupangwa kwa kimo. Hivyo ndivyo ilivyo, na mimi mwenyewe nimewahi kuwakataa watu kwa sababu hiyo.

Nikamgeukia Yirenkyi. Nikamuuliza, na wengine wakisikia, unga wa jambo hili ni upi. Akatoa simu. Akatafuta. Maskini alitafuta kweli, kidole kinapanda na kushuka, mpaka Awuku akamwambia airudishe mfukoni.

Nimeomba jaribio moja tena. Keshokutwa. Nadhani alinikubalia kwa huruma tu.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimening'inia kwenye bomba la jimu asubuhi nzima kama nguo. Nikapimwa ukutani. Kimo kilekile, ila mikono imerefuka, naapa.

Nikaenda kwa Awuku kuuliza kama naweza kushona ngata nene zaidi. Akanitazama kama nimetukana. Ngata zinatoka nyumba takatifu kinakowekwa kiti cha Chifu, zote sawa, hazishonwi na mke wa mtu. Sikuuliza habari ya viatu vya soli nene. Mbele ya Chifu hakuna viatu.

Yirenkyi kaja jioni. Hakuleta kopo lolote. Amekaa nasi, akala, akaniuliza kama kesho nitatembea kwa mwendo wa kawaida au wa polepole. Nikamwambia wa kawaida, kwani vipi. Akasema ah, basi tu.

Asabea kanikanda mgongo kwa mafuta, akaivuta shingo kwa juu kama anayechomoa kizibo. "Nakurefusha," akasema. Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta kutukumbusha katazo.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika nyuma ya banda la machela, nimekaa juu ya mawe. Tumepewa mapumziko mafupi.

Mzunguko wa kwanza umekwisha na maji hayakumwagika! Hata tone! Kutoka uani mpaka njia panda na kurudi. Kisogo changu kikavu. Watu walikuwa wamesimama kando ya njia, hawaruhusiwi kushangilia, basi wakapunga leso, leso nyingi kimya kimya, na Asabea katikati yao anapunga kanga nzima. Nililia. Nilijiambia ni bomba la jimu. Nilijiambia mgongo umenyooka kwa mkono wa mke wangu. Mtu akitaka kudanganywa, hahitaji msaidizi.

Awuku akanijia, akanipiga bega. "Nimeona kwa macho yangu. Umenikosoa." Na huyu hajawahi kumwambia mtu neno hilo.

Ndipo nikatazama upande wa kushoto. Yirenkyi alikuwa hajanyooka bado. Alibaki vilevile, magoti yamekunjwa, mapaja yanatetemeka, kama aliyesahau kwamba mzigo umeshuka. Njia nzima! Kijana yule ametembea njia nzima amechuchumaa nusu, na uzito wa Chifu kichwani, ili alingane nami.

Nikamwendea. Nikamwambia, "Yirenkyi, unafanya nini?"

"Nafanya nini kwani, mjomba?"

"Magoti yako."

"Ni mwendo wangu." Akacheka. Midomo ilikuwa myeupe. "Twende tu, mjomba. Umebeba vizuri."

Mzunguko wa pili unapanda kilima cha kanisa, na pale juu tunajaribu ule mchezo, machela yakiyumba kushoto kulia kama Chifu anavyopenda. Nimekipanda kilima hicho wima na magoti mazima, na bado karibu kinitoe roho. Aliyekunja magoti hafiki juu. Au akifika, siku ya Odwira yenyewe hafiki, na atakayekuwa juu siku hiyo si magunia.

Nikimwambia Awuku, leo ndiyo mwisho wangu, na nimetoka hivi punde kupungiwa leso. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Awuku anatazama maji, hatazami magoti. Na yeye mwenyewe kijana hatasema, hata akianguka atasema aliteleza.

Mikono yangu ina nguvu hivi, na siwezi kumbebea hata goti moja.

Ameketi pale kwenye ngazi, anajisugua mapaja. Nikimtazama anaacha, anajifanya anafunga nguo.

Awuku anaita majina. Wa nyuma wameitika wote wawili. Sasa limeitwa langu. Limeitwa tena. Sijaitika. Yirenkyi keshasimama mahali pake, ananingoja, keshakunja magoti.